Fundo

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
baridi ya nje inapasua magogo,
nami nimesimama mlango wa mashariki wa uwanja wa barafu
na daftari, na kalamu iliyoganda wino,
na kipimajoto chenye umbo la bastola
ninachowaelekezea watoto wa miaka sita
katikati ya macho.

Thelathini na sita nukta mbili. Pita.
Thelathini na tano kamili. Pita, lakini umeganda, mwanangu.

Kanuni zimebandikwa ukutani, kurasa nne.
Uje umeshavaa: pedi, jezi, kofia ngumu.
Vyumba vya kubadilishia vimefungwa kwa mnyororo.
Barakoa hadi ukingo wa barafu.
Mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, duara moja la njano sakafuni.
Usiteme mate. Usipeane mkono mechi ikiisha.
Kila mtu na chupa yake:
hata fundo moja la maji haliazimwi.

Nilizishika kanuni hizo kama rozari.
Usinicheke. Mwezi wa Aprili
nilimuaga dada yangu Fernande kwenye kioo cha simu
iliyoshikwa na muuguzi nisiyemjua jina,
na tangu siku ile nina fundo hapa, chini ya koo,
halipandi, halishuki.
Kwa hiyo mzazi akinibishia, "Madam Ghislaine,
haya ni mafua tu,"
namwonyesha gari lake kwa kalamu.

Ndipo akaja mzee Rosaire Trépanier
na mjukuu wake Maëlle.
Mama mtu yuko hospitalini, zamu ya tatu mfululizo.
Jezi sawa. Kofia sawa. Barakoa ina picha ya dubu.
Lakini viatu vya makali vilikuwa wazi,
kamba zinaburura nyuma kama matumbo ya samaki.

Rosaire akainua mikono nione.
Miaka thelathini na minane ya kiwanda cha mbao
imevipinda vidole vikawa mizizi;
hata kifungo cha koti humshinda.
"Nimejaribu garini," akasema, "tangu saa kumi na moja."
Mtoto alisimama kwenye duara la njano, anayumba,
wala hakulia. Alinitazama tu
kama mtu anavyotazama saa ya ukutani.

Kocha haruhusiwi kumgusa mchezaji.
Mimi siruhusiwi kumgusa yeyote.
Ndani, filimbi ikalia.

Nikaweka daftari chini.

Asiyewahi kufunga kiatu cha barafu hajui:
si ile kamba ya kiatu cha shule.
Unaanzia vidoleni, unavuta tundu baada ya tundu,
kisigino cha mtoto umekibana kati ya magoti,
unavuta hadi kamba ikukate ngozi
na kifundo cha mguu kinyamaze kabisa,
na uso wako uko shibiri moja na uso wake.
Nilibana pumzi. Naye, bila kuambiwa, akabana yake.
Matundu kumi na mawili, mguu wa kulia.
Tukageuza nyuso, tukapumua pembeni kama waogeleaji.
Kumi na mawili, wa kushoto.

Akaenda. Hakusema asante, alikuwa amechelewa.
Rosaire akarudi kwenye pikapu yake, watazamaji hawaruhusiwi,
akawasha injini, akaukodolea macho ukuta wa nje
kana kwamba ungemsimulia.

Mechi ilipoisha hawakupeana mikono.
Waligonga magongo yao kwenye barafu,
ta, ta, ta, upande huu na ule.
Lile fundo likasogea. Kidogo tu.

Nilinawa mara tatu. Kwenye safu ya "Matukio"
niliandika *Hakuna*,
nikafuta, nikaandika tena.
Kisha kila alfajiri nikawa nanusa kahawa
kabla ya kuinywa,
nihakikishe bado inanukia.

Jumamosi iliyofuata mama yake hakuwa zamu.
Ile nyingine, siku ya kumi na nne,
pikapu ikasimama, kamba zikashuka kwanza, zinaburura.
Thelathini na sita nukta nne.
Kabla sijapiga magoti,
Maëlle alikuwa ameshabana pumzi.